Namna ya Kupima Madai Kwamba Wanaanga Waliona Vyombo vya Viumbe wa Sayari Nyingine

Ukitumiwa video inayodai kwamba wanaanga wa Marekani waliona vyombo hivyo na serikali yao ikaficha, ichunguze kabla ya kuisambaza.

Kwanza, tafuta mwanaanga mwenyewe alisema nini. Edgar Mitchell, aliyetembea mwezini mwaka 1971, aliamini kwa dhati kwamba kuna siri inayofichwa, lakini alieleza kwamba yeye binafsi hakuwahi kuona chombo cha aina hiyo. Kuamini si kushuhudia.

Kisha angalia kama tukio lilipatiwa maelezo baadaye, maana hapo ndipo masimulizi mengi hukatizwa, jambo ambalo kwa kweli ni kumdhulumu msikilizaji. Februari 1962 mwanaanga John Glenn aliona chembe nyingi zikimetameta nje ya dirisha la chombo chake mithili ya vimulimuli, naye akatoa taarifa waziwazi. Mei mwaka huohuo mwanaanga mwenzake Scott Carpenter aligonga ukuta wa chombo chake kwa ndani, na chembe zikaruka nje: zilikuwa barafu iliyobanduka kwenye chombo chenyewe.

Jizoeze pia kukadiria umbali. Simama ufukweni Igombe, kando ya Ziwa Victoria huko Mwanza, usiku usio na mbalamwezi, utazame taa za wavuvi wa dagaa zilizo mbali ziwani. Pasipo kitu cha kulinganishia, hutajua kwa jicho tu kama taa ni kubwa iliyo mbali au ndogo iliyo karibu, na huko angani ugumu huo huzidi.

Anayesisitiza kwamba kuna siri, muulize ni hati ipi, ya tarehe gani, na inapatikana wapi.