Jinsi ya kuomba kucheza Mashindano ya Dunia ya Snuka ya Wanawake

Wachezaji wengi wa snuka, mchezo wa kugonga mipira mezani kwa fimbo, huyatazama mashindano haya kwa mbali wakiamini kwamba wanaokwenda ni wale tu walioteuliwa na shirikisho la nchi. Sivyo ilivyo. Yalianza mwaka 1976, Vera Selby akawa bingwa wa kwanza, na leo yanasimamiwa na World Women's Snooker. Mchezaji hujiandikisha mwenyewe. Ukikwama, yaelekea utakwama kwenye karatasi na tarehe kabla hujaifikia meza.

Hatua ya kwanza ni uanachama. Ingia kwenye tovuti ya World Women's Snooker, jaza fomu ya mwanachama na ulipe ada ya msimu. Andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, hata kama klabuni wanakuita vingine. Jina hilo ndilo litakalotumika kwenye barua zote zitakazofuata, na afisa wa viza hana habari na jina lako la utani. Kwa msichana ambaye hajatimiza miaka 18, mzazi au mlezi ashirikishwe tangu hapa.

Soma kanuni kabla ya kuzikubali. Mambo mawili huwashtua wageni. La kwanza ni kamari: mwanachama haruhusiwi kubeti kwenye snuka, hata kwa mechi asiyocheza. La pili ni dawa. Dawa za kundi la beta-bloka, kama propranolol na atenolol, ambazo watu wengi huandikiwa kwa shinikizo la damu au moyo, zimekatazwa wakati wa mashindano ya snuka, kwa kuwa hupunguza mapigo ya moyo na kutuliza mkono. Kama unazitumia, usiziache kienyeji. Muone daktari, kisha uombe kibali cha matumizi ya dawa kwa sababu za tiba. Kibali hicho hudai vielelezo vya hospitali na huchukua muda, kwa hiyo kianze mapema kuliko kitu kingine chochote.

Baada ya hapo fungua akaunti kwenye SnookerScores, mfumo unaotumika kupokea maombi na kuonyesha matokeo. Tafuta shindano lenyewe, jiandikishe, lipa ada ya kushiriki, hifadhi risiti. Pembeni huwa kuna vitengo vya vijana chini ya miaka 21 na wakongwe. Angalia kama unastahili, maana ukishasafiri kote huko, mechi chache za ziada si haba.

Sasa viza. Mashindano huhama: yalikuwa Sheffield mwaka 2022, Bangkok 2023, kisha Dongguan, China, 2024 na 2025. Masharti ya mwaka jana basi huenda yasikufae mwaka huu. Mara tu maombi yakipokelewa, omba barua ya mwaliko kutoka kwa waandaaji, hakikisha pasipoti ina zaidi ya miezi sita ya uhai, ndipo uende ubalozini. Usikate tiketi isiyorudishiwa fedha kabla viza haijatoka. Fimbo yako ya kuchezea haitaruhusiwa ndani ya ndege; iweke kwenye kasha gumu na uikabidhi pamoja na mizigo mikubwa. (Wenye fimbo ya kipande kimoja, isiyokunjuliwa, poleni.)

Droo ikitoka utaona kundi lako. Kwa kawaida wachezaji hugawanywa kwenye makundi kufuata viwango vya dunia, kisha wanaovuka huingia hatua ya mtoano. Asiye na kiwango anaweza kujikuta kundi moja na Reanne Evans, bingwa mara 12, au Bai Yulu wa China, bingwa wa 2024 na 2025. Binafsi naona hiyo ni bahati: mafunzo ya namna hiyo hayauzwi popote. Na zawadi ya ubingwa si ndogo, kwani Nutcharut Wongharuthai aliposhinda Sheffield alipata nafasi ya miaka miwili kwenye World Snooker Tour, msururu wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa.

Hakikisha pia umesoma maelekezo ya mavazi. Suruali ya jinzi na viatu vya mazoezi viache hotelini. Na ikitokea viza imekataliwa, waandikie waandaaji siku hiyohiyo kwamba umejitoa. Kukaa kimya huharibu ratiba ya kundi zima, na kunaweza kukupotezea ada uliyolipa.