Keki Ndogo za Ndizi Zisizo na Sukari

Chagua ndizi kisukari sita zilizoiva hadi maganda yakaingia madoa meusi, kwani utamu wake unatosha bila kuongeza sukari. Ziponde, kisha changanya na mayai mawili, mafuta robo kikombe na maziwa nusu kikombe. Tia vikombe viwili vya unga wa ngano usiokobolewa uliochanganywa na vijiko viwili vya chai vya beking pauda, ukikoroga kwa mwiko polepole na kuacha mara tu unga mkavu unapotoweka. Mabonge madogo hayadhuru, ilhali kukoroga sana huzifanya keki kuwa ngumu. Oka katika nyuzi 180 kwa dakika 20 hivi. Anayetumia mkaa aweke makaa mengi juu ya kifuniko, machache chini.