Mashine za kiwanda kinachofungwa: ziuze umeme ukiwa bado upo

Tafuta wanunuzi kabla laini ya umeme haijakatwa. Mota ya kW 30 inayozunguka mbele ya mteja huuzwa kama mota. Ikishalala sakafuni bila nyaya, huishia kwenye mzani wa chuma chakavu.

Washa kila mashine na urekodi video isiyokatwa, klampu mita (kipimo cha ampia kinachobana waya) ikionekana kwenye fezi zote tatu. Ampia zikipishana sana, mwambie mteja mapema. Piga picha kibati kwa karibu: kW, volti, ampia, mizunguko kwa dakika, namba ya mashine. Ukishazima, pima insulesheni (kinga ya nyaya za ndani ya mota) kwa mega, yaani kipima insulesheni, ya volti 500. Mota inayosoma chini ya megaomu 1 ishushe bei. Chomoa invata (kifaa kinachorekebisha kasi ya mota) kwanza, maana mega inaweza kuiunguza.

Kinachosahaulika zaidi ni PLC, kompyuta ndogo inayoongoza mashine. Nyingi za zamani hutunza programu kwa betri ndogo tu. Umeme ukikatwa na betri imechoka, programu inafutika, na laini nzima ya kufungasha inageuka mabati. Nakili programu pamoja na mipangilio ya invata, uviuze na michoro ya umeme.

Nyaya zibandikwe namba ncha zote mbili kabla ya kufunguliwa, na zisikatwe.

Transfoma kuukuu isiondoke kabla mafuta yake hayajapimwa PCB, kemikali inayopatikana kwenye mafuta ya transfoma za zamani. Ni sumu inayodumu mwilini.

Mkataba utaje nani analipia kreni, na malipo yakamilike kabla ya bolti ya kwanza kulegezwa.