Somo: Zawadi ya mahafali, anza kuitafuta Septemba

Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Leo sina hesabu za kikundi. Nina jambo moja linalotuumiza kila mwanzo wa mwaka: Krismasi imeshakula pesa, ada za muhula wa kwanza zinatungoja Februari, na hapo katikati kadi ya mahafali inaingia nyumbani. Mtu anampenda mpwa wake kwa moyo wote, lakini anafika kwenye sherehe na bahasha anayoona haya kuitoa. Au anakimbilia maduka ya Wandegeya, Kampala, asubuhi ileile na kulipa bei yoyote anayotajiwa. Sisi tulio Busia, mpakani, tunaumia zaidi, kwa sababu ukisahau kitu Kampala huwezi kurudi kukichukua kesho.

Hatua ya 1: Ijue tarehe, lakini usiiamini ya mwaka jana

Tazameni Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Mwaka 2023 mahafali yalikuwa Februari 13 hadi 17. Mwaka 2024 yakaanza Januari 29 na kumalizika Februari 2. Mwaka 2025 yakawa Januari 13 hadi 17. Aliyejipanga kwa kukumbuka Februari alikuta sherehe imepita yeye bado anaweka akiba. Kwa hiyo mimi hupanga kana kwamba siku yenyewe ni wiki ya pili ya Januari. Ikisogea mbele, nimepata nafasi ya kupumua.

Muulize pia mhitimu yuko koleji gani. Pale Makerere sherehe huchukua siku kadhaa na kila koleji ina siku yake. Kama mtoto yuko Kyambogo, Gulu au Chuo Kikuu cha Kiislamu kule Mbale, fuata kalenda ya chuo chake. Hii ya Makerere haikuhusu.

Hatua ya 2: Tenga pesa kidogo kidogo

Shilingi 10,000 kila wiki, kuanzia katikati ya Septemba hadi mwisho wa Desemba, ni wiki kama 15. Hiyo ni 150,000, na hukuhisi maumivu. Usiichanganye na pesa ya duka wala ya chakula. Nyumbani kwangu hukaa kwenye mkebe wake, na watoto wanajua ni ya nani.

Hatua ya 3: Uliza anachohitaji

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Wengi wetu tunanunua kinachong'aa: saa kubwa ya ukutani, maua ya plastiki, seti ya glasi. Kijana anayeanza kutafuta kazi, anayelala chumba kimoja na wenzake wawili, ataziweka wapi glasi? Anahitaji viatu vya ngozi vya kwendea usaili, shati mbili nzuri, pasi ya umeme, mkoba usioingiza maji wa kubebea vyeti akiwa juu ya bodaboda. Binti aliyesomea uuguzi atafurahia saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, kwa kuwa ataitumia kuhesabu mapigo ya moyo ya mgonjwa. Uliza mama yake, uliza rafiki yake, muulize mwenyewe ukipenda. Kuuliza hakupunguzi heshima ya zawadi.

Kwa walio kijijini, mbuzi jike ni zawadi kubwa. Mpe kama kuna mtu wa kumchunga.

Na kuna vitu vya lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho ufundi wa kukitengeneza umetambuliwa na UNESCO, shirika la elimu na utamaduni la Umoja wa Mataifa, miongoni mwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mikoba na majalada ya lubugo yanapendeza sana, na utayapata kwenye vibanda vya sanaa nyuma ya jumba la Taifa la maigizo, Kampala. Lakini kumbuka kwamba kwa Wabaganda lubugo ndiyo inayotumika pia kumsitiri marehemu. Mkoba ulioshonwa hauna neno. Kipande kitupu kilichokunjwa, mbele ya wazee wa Buganda, waulize kwanza wenyeji.

Hatua ya 4: Visivyo na jina nunua mapema, vyenye jina subiri

Viatu, pasi, mkoba na kitambaa cha suti, vyote vinunuliwe Oktoba na Novemba, kabla msongamano wa Krismasi haujaanza kwenye masoko ya Kikuubo na Owino, Kampala. Kitu cha kuchongwa au kuchapishwa jina kisubiri orodha ya wahitimu itoke.

Hili nilijifunza kwa binti wa dada yangu. Nilichongesha kibao kizuri cha mbao mwezi mmoja kabla, nikaandikisha jina tunalomwita nyumbani. Orodha ilipotoka, jina hilo halikuwemo kabisa. Chuoni alijiandikisha kwa jina la babu yake na jina la ubatizo. Aliukumbatia ubao ule na kunishukuru, lakini hakuutundika, na mimi nilielewa. Tangu siku hiyo naomba nitumiwe picha ya orodha yenyewe, nanakili jina herufi kwa herufi, ndipo naagiza. Mafundi wa Nasser Road, Kampala, wanachapa haraka, kwa hiyo kusubiri hakukucheleweshi.

Hatua ya 5: Zawadi isiyo na jina iwe nyumbani kabla ya Desemba 15

Baada ya hapo nauli zinapanda na mabasi yanajaa watu wanaorudi vijijini. Kifaa cha umeme kiwashwe palepale dukani, risiti uihifadhi.

Siku yenyewe usibebe zawadi nzito hadi uwanjani. Kuna ukaguzi, kuna jua, kuna kusimama. Nenda na shada la shingoni, zawadi ikamsubiri kwenye sherehe ya nyumbani.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Tororo: Mama, mimi sitaweza kusafiri. Nikimtumia pesa kwa simu si itatosha?

Jibu: Itatosha, dada yangu, na wengi wao ndiyo wanayoitaka zaidi. Ila ongeza ya kutolea. Kodi ya kutoa pesa kwenye simu ni asilimia 0.5, yaani kwenye 100,000 ni shilingi 500, na makato ya kampuni ya simu huongezwa juu yake. Ukituma 100,000 kamili, mtoto hapati 100,000 mkononi. Tuma siku mbili kabla, kwa maana siku ya sherehe ana mambo mengi, na umwandikie maneno machache ya kwako. Atayasoma tena pesa ikiwa imekwisha.

Mwanachama, Jinja: Nataka kumpa fremu ya cheti chake. Nimeona nzuri mjini, niinunue sasa?

Jibu: Subiri, kaka. Fremu inunuliwe cheti kikiwa kimeshapimwa kwa rula, urefu na upana. Nimeona cheti kikikunjwa pembeni ili kiingie kwenye fremu, na roho iliniuma. Kwenye sherehe mpe kadi inayosema fremu ni juu yako, kisha mwende pamoja kwa fundi.

Mwanachama, Bombo: Nina wapwa wawili wanaohitimu mwaka mmoja, mmoja shahada, mwingine stashahada. Je, wa shahada apewe zaidi?

Jibu: Mzee wangu, kwa maoni yangu wapewe sawa. Vitu vinaweza kutofautiana, thamani isitofautiane. Watalinganisha, hata kama hawatasema.

Mwanachama, Mbale: Nimeshanunua kila kitu, suti na viatu. Jana orodha imetoka na jina la mdogo wangu halimo. Wanasema alama za somo moja hazionekani. Analia, hataki kula. Zawadi nifanyeje?

Jibu: Pole sana, dada. Kwanza mtoto, zawadi baadaye. Aende ofisi ya koleji yake leo, si kesho, akiwa na nakala ya fomu zake za usajili na matokeo yoyote aliyonayo, kwa sababu orodha ya kwanza huwa inarekebishwa kabla ya ile ya mwisho. Nenda naye kama unaweza. Akirekebishiwa, vizuri. Akikosa mwaka huu, viatu mpe sasa, usivifiche. Ana ofisi nyingi za kuzungukia, na miguu yake inavihitaji. Suti itundike kabatini, umwonyeshe ilipo, umwambie ni yake.