Kabla hujafungua Pinterest
Wadau wa dizaini, hii nawapa bure. Ukipata kazi ya posta, yaani bango la kutangaza shughuli, usikimbilie Pinterest wala Behance kuangalia dizaini za watu, chukua penseli na karatasi kwanza uchore vimchoro vidogo vidogo hata vibaya, maana ukishaangalia za wenzako kichwa kinaganda hapohapo na ndo maana posta zetu zote siku hizi moshi uleule, dhahabu ileile, fonti ileile.

Ukikwama nenda kaangalie kanga. Siyo utani. Pita maduka ya Mtaa wa Uhuru Kariakoo, au kama uko Mombasa pita Biashara Street kwenye leso, angalia pindo linavyoshika mji wa katikati na jina, yaani yale maneno yake, limekaa chini kwenye kiboksi chake halafu rangi mbili tatu tu, basi, na bado unaiona toka ng'ambo ya barabara. Hiyo leauti, yaani huo mpangilio, ina umri mkubwa kuliko Photoshop na haijachuja.

Halafu suala la laiki... laiki nyingi zinatoka kwa madizaina wenzetu, na hao hawanunui tiketi. Mimi kabla sijaposti naitupia posta kwa shangazi kwenye WhatsApp namuuliza shughuli lini na wapi, akianza kuvuta picha kwa vidole ujue maandishi madogo, rudi kaongeze.

Na faili la mteja tuma kama dokumenti jamani, ukituma kama picha WhatsApp inalikandamiza, likienda kuprintiwa linatoka ukungu na lawama zote zinakuja kwako.