Kupanda Nile Kutoka Luxor Hadi Aswan

Anayetaka kuyaona mahekalu ya Misri ya kale vizuri na afuate njia iliyobeba mawe yake, yaani mto. Nile hutoka kusini kwenda kaskazini, ilhali upepo huvuma zaidi kutoka kaskazini. Ndiyo maana mashua za tanga, ambazo wenyeji huziita feluka, hupanda mto kwa upepo na kuteremka kwa mkondo.

Safiri kati ya Oktoba na Aprili, kwa sababu wakati wa kiangazi joto la Luxor hupita nyuzi 40. Treni ya usiku kutoka Kairo itakufikisha Luxor asubuhi, na hapo tenga siku mbili kamili. Ya kwanza ni ya mahekalu ya Karnak, ukingo wa mashariki. Ndani ya ukumbi wake wa nguzo 134, tafadhali usiwe na haraka: simama katikati, inua macho, utazame upande wa chini wa boriti za mawe, mahali pasipopigwa na jua, nawe utaona rangi zilizopakwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita.

Siku ya pili vuka kwenda magharibi, upande wa machweo, ambako Wamisri waliwazika wafalme wao. Tiketi ya kawaida ya Bonde la Wafalme huruhusu makaburi matatu, na mengine machache hulipiwa kando. Wengi hukimbilia la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, ingawa ni dogo. Mimi ningelipia la Ramses wa Sita, ambalo darini mwake mungu wa kike Nut amechorwa akilimeza jua jioni na kulizaa tena alfajiri.

Kutoka Luxor panda meli ya watalii, ambayo kwa kawaida hutia nanga Edfu na Kom Ombo. Hekalu la Edfu, lililoanza kujengwa mwaka 237 KK, lilifunikwa na mchanga kwa karne nyingi, na mchanga huohuo ndio uliolihifadhi hata paa lake. Lile la Kom Ombo lina milango miwili, kwa kuwa Sobek, mungu mwenye kichwa cha mamba, aligawana nyumba hiyo na Horus.

Ukifika Aswan utahitaji mashua ya kwenda Philae, hekalu lililo kisiwani. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujakanyaga ndani, na uwe na noti ndogondogo za bakshishi. Kisha ondoka kabla ya mapambazuko kwenda Abu Simbel, mwendo wa kilomita 280 hivi. Mahekalu yake mawili yalikatwa vipande na kuinuliwa mita 65 kati ya 1964 na 1968, yasizamishwe na maji ya bwawa jipya. Wenzako wanapopiga picha nje, tangulia wewe hadi chumba cha ndani kabisa cha hekalu kubwa, penye sanamu nne zilizoketi: tarehe 22 Februari na 22 Oktoba miale ya asubuhi huziangaza tatu, na ya Ptah, mungu anayehusishwa na ulimwengu wa wafu, hubaki kivulini.