Kuandaa mashua ya kuopoa hazina za meli zilizozama, mpaka inaposhushwa majini

Rafiki yangu alinunua mashua kuukuu ya uvuvi, ya faibaglasi, urefu mita 12, akaniambia anataka kuitumia kutafuta meli zilizozama. Tuliiandaa kwa majuma sita. Haya ni yale niliyokuwa nikimwambia kila jioni, pamoja na yale ambayo mimi mwenyewe niliyajua kwa kuumia. Rangi ya chini, oili, redio na taa za usiku siyagusi. Kama hayo bado yanakusumbua, anza na uvuvi kwanza.

Hatua ya 1: Kibali kabla ya spana

Mali iliyo chini ya bahari mara nyingi ina mwenyewe. Meli ya kivita hubaki mali ya dola yake hata ikiwa imelala mchangani karne mbili. Mwaka 2007 kampuni ya Odyssey Marine Exploration ilipandisha takriban tani 17 za sarafu kutoka Nuestra Señora de las Mercedes, meli ya Kihispania iliyozama mwaka 1804. Hispania ikafungua kesi Marekani, na mwaka 2012 sarafu zikasafirishwa kwenda Hispania. Gharama za kuzipandisha zilibaki kwa kampuni. Kisha kuna Mkataba wa UNESCO wa 2001, unaolinda mabaki yaliyokaa chini ya maji miaka 100 au zaidi na kukataza yasifanywe bidhaa. Uliza kama nchi yenye maji hayo imeuridhia. Pata kibali cha maandishi chenye mipaka ya eneo, na mtafute mwanaakiolojia sasa, kabla hujapata kitu.

Hatua ya 2: Uzito

Kila kifaa cha kazi hii ni kizito, na kila mtu hutaka kukiweka juu. Kompresa juu ya paa, mitungi juu ya paa, mashua ndogo ya mpira juu ya paa. Hapana. Vizito vyote vikae chini na katikati. Matangi ama yajae ama yawe matupu, kwa sababu mafuta yanayochezacheza nusu ya tangi huilaza mashua zaidi kila inapoinama.

Mkono wa kunyanyulia mizigo siupendi hata kidogo. Mzigo ukishaning'inia, uzito wake wote unakuwa kama umefungwa kwenye ncha ya ule mkono, juu kabisa, si pale ulipo mzigo. Mimi hutumia mifuko ya kuinulia: ya lita 500 hubeba karibu kilo 500. Ila hewa iliyo kwenye mfuko kina cha mita 10 hutanuka mara mbili ikifika juu, kwa hiyo nunua yenye vali ya kutolea hewa, na asiwepo mtu chini yake.

Hatua ya 3: Hewa ya wapiga mbizi

Kwa kina kifupi napendelea kompresa yenye bomba refu kuliko mitungi. Mdomo wa kuvutia hewa uuinue juu kwa bomba, mbali na moshi wa injini, upande unakotoka upepo. Hapo wengi husimama. Lakini mashua iliyofungwa kwa nanga nne haigeuki upepo unapogeuka. Asubuhi moshi unakwenda baharini, saa nane mchana unarudi moja kwa moja kwenye mdomo wa kompresa. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi huo, haina harufu. Funga kitambaa chepesi kwenye mlingoti, na mtu mmoja kazi yake iwe kukitazama.

Hatua ya 4: Magnetometa, na siku tatu zilizonipotea

Magnetometa ni kifaa kinachopima usumaku; dhahabu na fedha haziisumbui. Unachotafuta ni chuma: nanga, mizinga ya chuma, misumari mikubwa. (Mizinga ya shaba nayo haionekani.) Sona ya pembeni, inayochora sakafu ya bahari kwa sauti, ni nzuri, lakini haioni kilichofukiwa na mchanga, na meli za kale za mbao nyingi zimefukiwa. Kwa hiyo kama pesa inatosha kifaa kimoja, nunua magnetometa, tena ile ya kukokotwa nyuma, tunayoiita samaki.

Usumaku wa dunia, ukipimwa kwa nanotesla, ni kati ya 25,000 na 65,000 hivi, kulingana na ulipo. Wewe unawinda mruko wa nanotesla tano au kumi. Na mruko huo hupungua kwa mchemraba wa umbali: ukienda mbali maradufu na kile chuma, unabakiwa na sehemu moja ya nane. Ndiyo maana samaki lazima apite karibu na sakafu ya bahari. Na ndiyo maana mashua yako yenyewe, yenye injini na minyororo, ndiyo meli kubwa kuliko zote zilizo karibu naye.

Hayo niliyajua. Nikatoa kebo ndefu, tukapita mistari siku nzima, tukapata miruko mizuri, mikali. Tuliweka maboya 14. Siku mbili tulizama kwenye kila boya, tukafukua, mchanga mtupu. Jioni ya tatu tumetia nanga, nimesahau kuzima kompyuta, nikaona mruko uleule kwenye kioo. Mashua haiendi popote! Dakika chache, mwingine. Lilikuwa friza la samaki wa kula. Lilikula umeme wa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ileile iliyolisha magnetometa, na kila lilipowaka, namba zikaruka.

Tangu hapo nafanya hivi. Magnetometa na kompyuta yake vina betri yao, isiyounganishwa na chaji wala injini. Kisha natia nanga mahali penye mkondo, mbali na gati, kwani zege la gati lina nondo ndani. Namwachia samaki nyuma. Kama mkondo ni dhaifu atazama wima, basi mfungie boya. Nazima kila kitu, naandika namba zinatulia wapi. Halafu nawasha kimoja kimoja: pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayojikusanya chini kabisa ndani ya mashua), redio, rada, jenereta, injini, na friza mwisho kwa sababu bado nina kinyongo nalo. Kila kimoja nakipa muda wa kutosha, maana friza halisemi mpaka joto lipande.

Bado hujamaliza. Pita sehemu ile ile safi ukielekea kaskazini, kisha kusini, mashariki, magharibi. Namba zikibadilika sana kwa kubadili uelekeo tu, samaki yuko karibu mno na mashua; ongeza kebo. Kwa mashua ya faibaglasi mimi sianzi chini ya urefu wa mashua mara tatu. Kwa bodi la chuma toa zaidi tena. Ukiona namba zinapanda na kushuka polepole kama pumzi, hilo ni wimbi linamchezesha samaki, si kitu.

Halafu jambo la mwisho, nalo ndilo lililowamalizia wenzangu wengi mafuta. GPS iko kwenye paa, samaki yuko mita 40 nyuma. Kompyuta inaweka alama mahali ilipo mashua. Dondosha nanga ya akiba yenye boya, pita juu yake kwenda, kisha rudi kwa mwendo uleule, fundo nne au tano. Utapata alama mbili za kitu kimoja. Pima umbali kati yake, gawa kwa mbili: hilo ndilo sahihisho la kuingiza kwenye kompyuta. Ukibadili urefu wa kebo, rudia.

Hatua ya 5: Nanga nne na kufukua

Mbili omo (mbele), mbili shetri (nyuma), kamba ndefu kuliko unavyodhani. Tatu zinaweza kutosha siku ya shwari.

Wengine hufunga mabomba makubwa yaliyopinda nyuma ya propela, yanayosukuma maji chini na kuchimba shimo. Ni njia iliyopata sifa kwa Mel Fisher, mwindaji wa hazina za meli zilizozama huko Florida. Inafanya kazi upesi, na inavuruga mpangilio wote ambao mwanaakiolojia wako angeusoma. Mimi nafunga pampu ya maji na bomba la kunyonya mchanga. Ni polepole, lakini mkono unaona unachogusa. Weka pia mapipa ya plastiki yaliyojaa maji ya bahari: chuma kilichotoka chini kikikauka kinapasuka na kumomonyoka.

Hatua ya 6: Kushusha

Shusha maji yakiwa yanajaa, na usichague kilele cha bamvua, maji makubwa ya mwezi: mashua ikikwama hapo, utasubiri bamvua lijalo. Kama ni trela, acha magurudumu yapoe kabla ya kuyatia majini. Kizibo cha kutolea maji nakitia mfukoni mwa nahodha chombo kinapopanda, na hapandi mtu mpaka nahodha anionyeshe mfuko mtupu.

Kama ni winchi na mikanda, mwambie mwendeshaji asiitoe mikanda. Mashua ikae majini ikiwa bado imeshikwa, dakika ishirini, nawe uko chini na tochi: kila vali, kila bomba linalotoboa bodi, na hasa matundu mapya uliyoyatoboa kwa ajili ya pampu. Shafti ya propela yenye kamba za kuzibia ikidondosha tone moja moja inapozunguka, sawa. Ikitiririka, pandisha.

Usiku wa kwanza lala ndani, mashua ikiwa imefungwa gatini. Wahenga wa bahari walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na huko ngamani ndiko utakakorudi kila saa mbili. Tarehe 20 Julai 1975 mashua ya Fisher, Northwind, ilipinduka usiku ikiwa imetia nanga. Wakafa mwanawe Dirk, mke wa Dirk na mpiga mbizi mmoja. Shehena kuu ya Atocha, meli ya kale ya Kihispania waliyokuwa wakiitafuta, ilipatikana tarehe hiyohiyo, mwaka 1985.

Kwa hiyo weka pampu mbili za ngama zenye betri tofauti, na king'ora kinachosikika kuliko jenereta. Kijaribu kwa ndoo ya maji, si kwa kubonyeza kitufe. Rafiki yangu alibonyeza kitufe, kikalia vizuri. Tulipomwaga ndoo, kimya: waya wa boya la swichi, lile linalokiwasha maji yakipanda, ulikuwa haujaunganishwa.